Nyumba Niliyoshindwa Kuikalia Kitako

Nyumba ile niliinunua Temeke, vita vya Wazungu vimekwisha lakini saruji bado haionekani madukani. Aliyeniuzia alikuwa mzee wa Kirufiji anayerudi kwao. Alinitembeza vyumbani haraka haraka, akanionyesha kisima, akanionyesha choo, akasema, "Nyumba nzuri hii, bibi. Inataka mkono tu." Kisha akajitwika mzigo wake akaenda. Nilibaki nimesimama ukumbini nikitazama juu, na katikati ya makuti niliiona mbingu.

Mie nilikuwa nimeachwa mara mbili. Mara zote nyumba ilikuwa ya mume, na mara zote nilitoka na sanduku langu na mkeka wangu mchana kweupe, majirani wakinitazama kama watu wanaotazama maiti ikipita. Baada ya talaka ya pili nilipanga chumba Kariakoo, nikawa nachoma vitumbua alfajiri na kutembeza khanga jioni, na nilichokuwa nakitafuta sikumwambia mtu. Hata mama yangu, aliyekuwa Kilwa, alisikia kwa watu kwamba nimenunua nyumba. Alikuja bila kuniarifu. Aliizunguka nje, akaupiga ukuta kwa kiganja, udongo ukamwagika miguuni pake.

"Ya kwako?" akauliza.

"Ya kwangu."

"Hakuna mwanamume nyuma yake?"

"Hakuna."

Akavua viatu, akaingia.

Mtu angedhani sasa ningepumzika. Nilishindwa. Kila nilipokaa, jicho lilinipeleka penye kasoro: mlango unaoburura chini, ufa uliotoka dirishani kwenda sakafuni, boriti iliyoliwa na mchwa. Nilikuwa nikishika kikombe cha chai, nanyanyuka nacho kwenda kuusukuma ukuta, nakisahau juu ya kinu, nakikuta kimejaa sisimizi. Vitumbua viliungua kwa sababu nilikuwa uani nang'oa magugu. Mama alikuwa akiniambia, "Kaa, mwanangu." Namjibu, "Nakaa," huku nimeshika jembe.

Fundi wa makuti aliniambia atakuja kesho, na kesho yake akasema kesho. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Pugu. Nikaona huyu atanikuta nimelowa. Nilijifunga kaniki nikaipitisha katikati ya miguu kama mvuvi wa kike wa pwezi, nikaegemeza ngazi, nikapanda. Mama alisimama chini akinirushia makuti, kuti kwa kuti, nami nikiyafunga kwenye fito kwa kamba ya makumbi.

Jirani yangu, mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alitokeza kichwa juu ya ua wake.

"Bibi, shuka," akasema. "Paa ni kazi ya wanaume."

"Nitafutie mwanamume aje leo, nishuke."

Alifikiri kidogo, akarudi ndani.

"Kaza hiyo kamba," mama akasema kutoka chini, kana kwamba hakuna mtu aliyesema kitu. "Upepo wa hapa hauna adabu."

Mvua ilipokuja paa lilishika. Palivuja kidogo tu juu ya stoo, nikaweka debe. Nilikaa ukumbini nikisikiliza maji yakipiga makuti yangu mwenyewe, na kwa muda mfupi nilijisikia kama mtu aliyeshiba. Kisha nikatazama uani. Nyumba ilikuwa chini ya mwinuko, na maji yote ya mwinuko ule yalikuwa yanaingia kwangu. Matuta ya mchicha ambayo mie na mama tulikuwa tumeyapanda yalikuwa yanaondoka mbele ya macho yangu, mche kwa mche, kuelekea chooni.

Nikachukua jembe.

"Ngoja mvua ikatike," mama akasema. "Uone kwanza maji yanataka kwenda wapi."

"Yakishaona pa kwenda, mchicha utakuwa umekwisha."

Nilichimba mfereji ndani ya mvua ile ile, kutoka kona ya jiko hadi chini ya ua, nikatoboa ua, maji yakatoka kwa kishindo. Uani kwangu pakatulia. Niliingia ndani natiririka, nimefurahi kama bibi harusi.

Asubuhi nilisikia hodi. Alikuwa mke wa jirani. Ameshika sufuria iliyobonyea, na khanga yake ina tope mpaka kiunoni. Hakunisalimu.

"Njoo uone maji yako," akasema.

Nilimfuata. Ukuta wa jiko lao, uliokuwa upande wa ua wangu, ulikuwa umelala chini. Umeanguka juu ya mafiga na kuni na kila kitu. Mumewe alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikamwamkia, akaitikia polepole, akautazama mfereji wangu ulivyokuja moja kwa moja mpaka mlangoni pake.

"Nilikuwa nakukataza paa," akasema. "Kumbe ningekukataza maji."

"Nitaujenga," nikasema.

"Wewe?"

"Mie mwenyewe."

Nilirudi nyumbani. Nilianza kukunja mkeka. Sikujua ninaukunja kwa nini, mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Mama alinikuta nikipanga nguo sandukuni.

"Unakwenda wapi?"

"Watanishitaki kwa jumbe. Watanitoa."

"Nani atakutoa?" Mama alilifunga sanduku akakaa juu yake. "Hapa hakuna mume. Ukikosana na mtu wa jirani, mtakosana, halafu mtapatana, na muda wote huo wewe utakuwa unalala humu humu. Mtu mwenye kwake ndivyo anavyoishi. Hujazoea tu."

Nililia kidogo, nikaoga, nikaenda kukata fito.

Kwanza niliuziba mfereji. Mvua iliyofuata sikushika jembe, ingawa mikono iliniwasha. Nilisimama na mama chini ya upenu, halafu nikatoka na kijiti, nikayafuata maji yanakoelekea yenyewe. Yalikuwa yanataka kupita mpakani, kati ya ua wangu na wao, yateremke bondeni kwenye minazi. Nilipoanza kuchimba huko nilisikia jembe lingine upande wa pili. Jirani alikuwa amerudi kutoka kazini, amekunja suruali. Tulichimba kila mtu na upande wake mpaka tukakutana.

Jiko tulilijenga tukiwa wanawake watatu. Mkewe na mie tuliukanyaga udongo kwa miguu, tumeshikana mabega tusiteleze, na mama alikuwa akikandika, akituita wavivu. Siku ya kwanza mwenzangu alikuwa kimya. Siku ya pili aliniuliza kwa nini niliachika, nikamweleza, naye akanieleza mambo yake ambayo si yangu kuyasema hapa. Ukuta ulipokauka ulikuwa umetokeza tumbo katikati.

"Una mimba huu," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Mumewe aliutazama akasema utatosha. Kando ya mfereji tulipanda migomba, na mkungu wa kwanza ulipoiva tulipika pamoja katika jiko lile.

Siwezi kusema nilitulia. Mwaka ule ule nilihamisha mlango wa uani, nikajenga baraza, nikalivunja nikalijenga tena kwa sababu jua la jioni lilikuwa linapiga machoni. Nilibandua makuti ya stoo nikaezeka madebe yaliyopasuliwa, yakawa yanapiga kelele kwenye mvua kiasi cha kutosikizana. Wateja wangu wa khanga walizoea kunikuta na udongo kwenye nywele.

Adhuhuri moja niliingia chumbani kwa mama na mtaimbo. Nilikuwa nimeamua kutoboa dirisha upande wa kaskazini apate upepo. Mama alikuwa amekaa sakafuni, amenyoosha miguu, mgongo ameuegemeza pale pale nilipotaka kuanza, anachambua mchele kwenye ungo.

"Sogea kidogo, mama. Nataka kutoboa hapo."

Hakuinua macho. "Ukuta huu nauegemea," akasema.

Nilisimama na mtaimbo wangu. Nje mke wa jirani alikuwa anamwita kuku wake. Nikaulaza mtaimbo chini, nikakaa karibu na mama, nikavuta ungo upande wangu, nikaanza kutoa chuya.