Mamdogo Agoma Kuhama

"Huhami wewe, mamdogo. Linahama jina."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu nasema, tena nimebana meno, maana fomu imefunguka kwenye simu yangu na chaji inaisha.

Mamdogo ni mdogo wake mama. Anapikia mafundi wa gereji hapa mtaani kwetu Gerezani tangu mimi niko shule ya msingi, ila kadi yake ya kura ni ya kijijini kwao, Mtwara. Uchaguzi ukifika yeye anapika tu, kwa sababu kusafiri mpaka kule kwa ajili ya kura moja hakumwingii akilini. Sasa hivi kuhamisha jina kwenye daftari la wapiga kura kunaanzia kwenye simu, halafu unaenda kituoni kupigwa picha na kupewa kadi mpya. Na kituo cha mtaa wetu kinafungwa kesho.

Kilichotukwamisha ni neno. Kwenye fomu pameandikwa "kuhama", na kwa mamdogo aliyehama ni mtu aliyeuza shamba na kuwaaga mpaka mababu.

"Nikishahama humo," akaniuliza, "siku nikifa si watasema huyu alishatutoka, mzikeni hukohuko?"

Fundi mmoja aliyekuwa anakula nusura apaliwe na wali. Akamwambia asiwe na wasiwasi, wao watamzika hapahapa chini ya injini mbovu. Mamdogo akamnyang'anya bakuli la mchuzi, akamwambia akamalizie kula kwa mkewe. Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, halafu nikajiona mjinga. Muda wote namweleza mtandao unavyofanya kazi, kumbe mwenzangu anaulizia kwao.

Nikamuuliza, huu mtaro wa pembeni ya jiko lake ukifurika mpaka kwenye masufuria yake, huwa anamlalamikia diwani wa wapi.

"Wa hapa. Na hanisikilizi."

"Ulimchagua?"

Akakoroga maharage ambayo wala hayakuhitaji kukorogwa.

"Kwa hiyo hilo daftari ni la mitaro," akasema mwisho, "sio la makaburi."

Nikamwambia ndiyo, na kwamba ningesema hivyo toka asubuhi tungeshamaliza. Akafuta mikono kwenye kanga, akaleta kadi. Namba ya uthibitisho ilipoingia kwenye simu yake akaificha kifuani, eti namba za hivyo hata mtoto wa dada hatajiwi, matapeli wamezidi. Akachukua simu yangu akaibonyeza mwenyewe, kidole kimoja, taratibu, mpaka nikatamani kulia. Ikakubali.

Ndipo akakumbuka: kesho akienda kituoni, nani atawapikia mafundi? Akataka kuahirisha. Kuahirisha mpaka lini, mwaka gani?

Nimeshaamua. Kesho naamka kabla ya adhana, nawasha mkaa na kusukuma chapati mwenyewe, yeye awe wa kwanza kwenye foleni. Zikitoka ngumu, mafundi watatafuna hivyohivyo.