Taa Juu ya Bati la Nyamianda

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa diploma yangu yote, kwamba simu ikipigwa kutoka China inawasha taa nyekundu juu ya paa la nyumba inayoipokea.

Taa hiyo, walisema, jicho la raia haliioni. Inaonwa na askari wa milimani peke yao, kwa darubini zao, na wakiiona wanajua kwamba chini ya bati lile kuna watu wa dola. Basi wanatuma bomu, au wanakuja wenyewe. Mtu mmoja wa Bwegera alituapia, tukiwa kwa kinyozi, kwamba mkulima wa kwao alipokea simu ya China akiwa katikati ya mpunga wake. Kabla hajasema "alo" ya pili, bomu lilikuwa limeshavuna shamba zima, na mchele ukaanguka chini ukiwa umekobolewa tayari.

Hiyo ya kukobolewa sikuiamini. Nyingine zote niliziamini.

Tena sikuziamini tu, nilizisaidia. Nilimaliza sekondari nikiwa baba wa watoto, katika shule ya jioni, mtu mzima niliyekunjika kwenye benchi la watoto kama nguo katika sanduku. Mwalimu wetu wa fizikia alianza somo la mawimbi. Tulipofika katikati, umeme ukakatika mji mzima, na nusu iliyobaki nikajifundisha mwenyewe njiani nikirudi nyumbani. Kwa elimu hiyo nilisimama kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, nikawaeleza watu: nambari ya China ni ndefu, nambari ndefu inaleta wimbi refu, wimbi refu halienei ndani ya simu ndogo, lazima litokee mahali, nalo linatokea juu ya bati.

"Munaona mutu mwenye alisoma?" kinyozi akasema.

Uvumi ule uliingia kwa kinyozi ukiwa uchi. Ulitoka umevaa suti, na mshonaji wa suti ni mimi.

Siku zile mke wangu na mimi tulikuwa tunauza mashungi na vitambaa sokoni Uvira. Kila mwaka kulikuwa na kikundi cha waumini kinachoondoka Bujumbura kwenda Guangzhou, mume na mke, mume na mke, kununua bidhaa na kutembea kuona nchi. Kiongozi wake alikuwa alhaji mmoja wa Bujumbura aliyekwenda China mara nyingi mpaka, kwa maneno yake, mbu wa kule walikuwa wanamjua harufu. Mwaka ule tulipata nafasi. Vita vilikuwa bondeni Ruzizi, vinapanda, vinashuka, lakini ukingoja vita viishe ndipo usafiri, huku kwetu utazeeka ukiwa umeshika begi. Sisi wa Uvira hatuhesabu vita kwa miaka. Tunahesabu kwa chakula tulichokiacha motoni: kuna vita vya maharage, kuna vita vya sombe, kuna vita vya ndizi zilizoungua. Vile vya safari yetu havikuwa bado na jina.

Watoto tulimwachia mama mkwe. Alitoka Lubarika, kule bondeni, na mfuko wa mihogo kichwani na rozari shingoni, kwa maana yeye ni Mkatoliki, na binti yake aliingia Uislamu aliponioa mimi. Nasema aliponioa, kwa sababu kila aliyemjua mke wangu anajua nani alimwoa nani. Kwao mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Hasemi naye uso kwa uso. Akiwa na neno, analipitisha kwa binti yake, hata kama mkwe amekaa palepale anamsikia. Mama yule alivunja desturi ya kulala kwa ajili ya wajukuu. Ile ya kusema hakuivunja. Siku ya kuondoka alifunika nusu ya uso kwa kitenge, akamwambia binti yake, nami nikiwa hatua chache tu pembeni:

"Ambia mukwe wangu aende salama. Na mukifika, muite. Simu itakuwa hapa kifuani. Mimi sitatoka hapa mpaka nisikie sauti yenu."

"Tutaita, mama," mke wangu akajibu.

Mimi nikakohoa. Sikutaka kumweleza mawimbi mtu aliyeshika kichwa cha mtoto wangu wa mwisho.

China tuliiona. Nisiseme uongo mwingi: maghorofa yake marefu hivi kwamba ya juu yanapata jua la kesho. Soko lake ukiingia kijana unatoka na mvi. Mke wangu alikuwa anagusa mashungi kwa vidole viwili, anamwangalia muuzaji kwa huruma kama anayempa pole ya msiba, na bei inashuka yenyewe. Tulikula tambi kwa Mchina mwenye kofia nyeupe aliyetutolea salamu ya Kiislamu nikakaribia kudondosha bakuli. Katika msikiti wao wa zamani nilisimama nikatafuta kibla. Kwetu Uvira, jua linatoka Burundi, linazama nyuma ya milima, na sisi tunaelekea kule ziwa linakoishia. Pale tuliambiwa tuelekee jua linakozama. Nikamwambia mke wangu, "Leo tunaswali tukiangalia nyumbani." Alitabasamu. Akasujudu, akakaa huko chini muda mrefu, nami nikajua anamwomba Mungu nini.

Alikuwa ameshaniuliza tangu uwanja wa ndege. "Tuite?" Nikamwambia ngoja. Siku iliyofuata, "Tuite sasa?" Nikamweleza taa. Alinitazama kwa jicho moja, la pili alilifunga, kama mtu anayepima kitambaa dhidi ya mwanga.

"Weye unaamini ile?"

"Si kuamini. Ni fizikia."

"Alhaji anaita kwake kila asubuhi."

"Bujumbura hakuna vita. Nani ataangalia bati la Bujumbura?"

Hapo akarudisha macho kwenye mashungi yake. Alikuwa amefika mwaka wa nne wa msingi tu, nami nilikuwa na diploma imetundikwa ukutani ndani ya kioo. Ndiyo silaha niliyomshindia.

Kisha tukapanda basi la kwenda kuona mnara mkubwa wa mji ule. Sisi peke yetu tulikuwa wa Uvira. Wengine walitoka Bujumbura na Bukavu, wanacheka, wanapigana picha. Simu ya alhaji ikalia. Aliisikiliza, akaishusha, akageuka kwenye kiti chake.

"Ndugu zangu wa Uvira," alisema polepole, "wanasema mabomu yanaanguka mjini. Watu wanavuka mpaka kuja kwetu Gatumba. Shikeni simu hii, muite nyumbani."

Akaninyoshea. Mke wangu akanyosha mkono wake. Nikaushika ule mkono, nikaurudisha kwenye mapaja yake.

"Asante, alhaji. Hatuwezi kuita. Tukiita ndiyo tutawaua."

Nikaeleza taa. Mama mmoja wa Bukavu akacheka, mumewe akamgusa. Alhaji akatazama simu yake kama mara ya kwanza anaiona.

"Sijasikia hiyo," akasema.

"Kwa sababu kwenu kuna amani," nikamjibu. "Sisi tunaoishi na vita tunajua."

"Haya. Wewe umesoma."

Mke wangu akaniinamia sikioni. "Miye, ni mama yangu. Na ni batoto bangu. Niachie niite, hata neno moja."

"Neno moja linatosha kuwasha."

Hakuniomba tena. Juu ya mnara kila mtu alipiga picha. Ninayo ile yetu: nyuma yetu mji usio na mwisho, mimi nimecheka mpaka magego, yeye ameangalia upande jua linakozama. Mchana uleule nilinunua fimbo nzuri ya mti mwekundu, kichwa chake joka, ya kujishaua nitakapozeeka. Nilikuwa nanunua fimbo. Hilo ndilo nililokuwa nalifanya.

Addis Ababa, tukirudi, nilimruhusu apige, maana uvumi ulisema China tu. Aliita mpaka alhaji akamnyang'anya simu kwa huruma. Ya mama ilikuwa imezimika.

Gatumba tulikuta watu wa kwetu wamejaa na magodoro na mbuzi. Tulitafuta sura kwa sura. Jirani yetu mwanamke, anayeuza dagaa pale Nyamianda, mtaani kwetu, akatuona kwanza akapiga kelele ya furaha, kisha akaishika ile kelele mdomoni.

"Mama yako hakuvuka," akamwambia mke wangu. "Nilimuvuta mukono. Alikataa. Alisema ukifika Burundi rezo ya Congo inakufa, simu hailii tena, na nyinyi mutaitia wapi? Alisema, mimi nilibambia nitakuwa hapa."

Mke wangu hakunitazama. Kutoka pale, kuvuka mpaka wa Kavimvira hadi nyumbani, alitembea mbele, mimi nyuma na mabegi, na ndugu zangu, mabegi yale yalikuwa mazito kuliko ndege iliyoyaleta.

Watoto walikuwa wazima. Walitukimbilia mlangoni, wakaanza kufungua mifuko. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa vipande vya mbao na kitambaa. Simu yake ilikuwa inaishiwa moto, umeme hakuna, naye alikuwa anaivusha barabara kila siku kwa kijana mwenye betri ya gari karibu na ziwa. Siku moja risasi zilianza akiwa njiani. Watu walikimbia, yeye akaanguka katika mfereji, watu wakapita juu ya mguu wake. Simu aliinyanyua juu isilowe. Haikulowa. Ilizimika tu, maana hakuweza tena kuipeleka.

Alifunika nusu ya uso aliponiona kizingitini. Akamwuliza binti yake, "Mulifika salama?"

Mke wangu akapiga magoti akamwambia yote, bila kupunguza: kwamba alhaji alitoa simu, kwamba yeye alinyosha mkono, kwamba mimi niliurudisha, na kwa sababu ya taa gani. Nilisimama pale nimeshika thermosi mpya.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ambia mukwe wangu, pole na safari."

Hakusema zaidi. Siku ile hakusema, na mwaka ule hakusema. Mfupa uliungika vibaya. Bondeni kulikuwa hakulaliki na shamba halimtaki mtu wa mguu mmoja, basi akabaki kwetu, desturi yote imevunjika isipokuwa ile ya maneno. Nilimpa fimbo yangu. Kwanza nililisugua joka kwa tupa mpaka likawa tufe, maana sura ya mnyama nyumbani imamu wetu haipendi, ingawa nadhani nilitaka pia kupata kazi ya kufanya kwa mikono. Fimbo ile ikaanza kuzungumza uani, ko, ko, ko. Kila ilipopita dirishani kwangu, mimi, mtu wa mizaha, niliyeweza kuchekesha askari wa kizuizi cha barabarani mpaka akasahau alichotaka, nilikuwa nakosa hadithi ya kusema.

Nyumbani tuliviita vita vile vita vya China.

Na taa niliendelea kuiamini. Niliiamini zaidi ya zamani. Muuzaji wetu wa mashungi kule Guangzhou alikuwa ananipigia mara kwa mara, nami nikiona nambari ile ndefu nilikuwa natoka mbio na simu, napita uani, navuka barabara, mpaka ukingoni mwa ziwa, mbali na bati lolote, ndipo naitika. Mvua ikinyesha, nalowa. Watoto walikuwa wanacheka: "Papa anapeleka Muchina kuoga!" Niliwaambia wasicheke mambo ya usalama. Mke wangu hakucheka. Mtu aliyenitazama vizuri angejua kwamba siku nitakayoitika simu ya China nimekaa kwenye kiti changu, chini ya bati langu, siku hiyo nitakuwa sina pa kuuweka mguu wa mama yule ila shingoni mwangu.

Siku hiyo ilifika, alasiri moja. Mke wangu alikuwa sokoni, watoto shuleni. Mama alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, anachagua mawe katika mchele, fimbo pembeni yake. Simu ikalia. Nikaona nambari. Nikavaa kandambili moja, ya pili sikuiona, nikaanza kukimbia.

"Mukwe."

Nikasimama kama niliyeitwa na mtu wa kaburini. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniita. Nikageuka, nikaangalia chini kama inavyotakiwa. Simu inalia mkononi.

"Hapa hakuna wa kunipelekea neno," akasema, "basi nitalisema mwenyewe. Ikaa. Itikia hapa."

"Mama, ni ya China."

"Najua. Mwanamuke yule wa nyuma yetu, mwenye bwana yake alikuwa mugonjwa, nao hawakukimbia. Mutoto wake alikuwa anasoma China. Alikuwa anaita kila asubuhi, vita vyote vile. Ukuta ni mumoja, nilikuwa nasikia mama yake akiitika. Nyumba yake iko pale, na bati yake iko juu." Akatoa jiwe katika mchele, akalitupa. "Bomu ilianguka kwa ule muzee mushona viatu. Hakuwa na simu. Simu haina taa, mukwe. Inalia tu, mutu anaitika."