Kipa Aliyemaliza Nyasi Zangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba yenye mafundo, nikaambiwa nitafute kona. Mbele yangu palikuwa na majani matupu na manyunyu yale ya Birmingham ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Mkuu wa Bustani, Mwingereza mrefu mwenye mikono kama makasia, alisimama pembeni akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilimwambia sioni kona yoyote.

"Huwezi kuiona," akasema. "Haipo mpaka uitengeneze."

Akanionyesha. Unapima hatua tatu upande mmoja, nne upande wa pili, kisha kamba ya kuunganisha iwe hatua tano. Ikikaza bila kulegea, kona yako imenyooka kama ya mlango. Mimi ni mtu wa darasa la saba kutoka Morogoro, na kabla ya siku hiyo nilikuwa nikipakia maboksi ghalani. Nilipoona kona ya kwanza imekaa sawa kwenye nyasi mbichi, nilijua kwamba kazi hii nitaipenda.

Vijana wakiniuliza siku hizi nilifanya kazi gani, nikijibu kwamba nilitunza viwanja vya mpira, hudhani nilikuwa nakata majani. Kukata majani ni jambo dogo. Kazi kubwa iko chini. Majira ya baridi udongo hukandamizwa na viatu mpaka maji hayapiti, kwa hiyo unatembea na uma mzito wenye meno marefu, unauchoma, unautikisa, unauchomoa, hatua kwa hatua uwanja mzima, ili ardhi ipumue. Baada ya kila mchezo unarudishia vipande vya majani vilivyong'olewa, unavikanyaga polepole kama mtu anayefunika kidonda. Msimu ukiisha unapanda mbegu kwenye vipara, na hapo kiwanja hufungwa, hata kama watu watakusihi namna gani.

Nilianzia kiwanja cha upande wa Selly Oak, ambako wanafunzi walicheza wakiwa nusu wamelala. Baadaye nikahamishiwa Lozells, na huko nilikaa hadi kustaafu. Msimamizi wa Viwanja wa huko alikuwa Singasinga aliyezaliwa Nakuru. Aliposikia jina langu, Kassim, na lafudhi yangu, aliacha Kiingereza hapo hapo.

"Sikia, Kassim," aliniambia asubuhi ya kwanza. "Hii nyasi ni kama mtoto ya mwenyewe. Lea yeye vizuri, lakini usiseme ni yako. Na kitu ingine. Mtunza kiwanja hana timu. Siku utakuwa na timu, hata maji utaona iko kidogo kumbe iko mingi."

Nililishika neno hilo. Lilikuwa gumu kulishika, kwa sababu nyumbani kwangu timu ilikuwepo.

Mke wangu, Bi Saumu, alikuwa mwenyekiti wa timu ya Lozells katika ligi ya Jumapili ya watu wetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo. Mungu hakutujaalia watoto. Saumu aliwachukua vijana wa timu ile, wengi wao wageni wapya mjini, akawa anajua nani hana koti, nani amegombana na mwenye nyumba, nani hajampigia mama yake simu. Jezi zilianikwa kwenye ngazi zetu mpaka nikazoea kupanda kulala kwa kuinama. Kiti kile cha uenyekiti kilikuwa kitu alichokipenda kuliko chochote alichowahi kupewa hapa Uingereza.

Ligi yetu ilikuwa na siku moja ya mgao kila mwaka, desturi waliyoiona kwenye michezo ya Marekani wakaipenda. Wageni wote wanaotaka kucheza huwekwa pamoja, na timu huchagua kwa zamu, ile iliyonusurika chupuchupu kushuka daraja msimu uliopita ikianza. Zamu unaweza kuibadilisha kwa mchezaji, na mchezaji kwa mchezaji. Mkutano ulifanyika katika chumba cha juu cha mkahawa mmoja Balsall Heath, na sharti lilikuwa kwamba chai ya mwisho ikishamiminwa, hakuna mabadilishano tena.

Mwaka huo Lozells walikuwa na zamu ya kwanza. Walikuwa pia na winga mmoja, Hemedi, kijana wa mbio za kutisha. Kila mtu alijua watabaki na Hemedi, wachague straika, na mambo yatakuwa mazuri. Chai ilipokuwa inamiminwa, Saumu alisimama. Akawapa timu ya Balsall Heath zamu yake ya kwanza pamoja na Hemedi. Badala yake akamchukua kipa wao, Katembo, Mkongo mwenye mvi ambaye Balsall Heath wenyewe walikuwa wanatafuta namna ya kumwambia apumzike.

Sikuwepo, lakini niliambiwa kwamba mwenye birika alimimina mpaka kikombe kikafurika.

Kelele zilikuja Jumapili iliyofuata, kwenye meza ya chai kando ya mstari, na mimi nikiwa hatua chache tu kutoka hapo, nikichora mistari ya chokaa. Otieno, Mkenya dereva wa basi, shabiki mkubwa wa Lozells, ndiye aliyeanza.

"Mama Mwenyekiti, hebu tuambie ukweli. Hiyo siku ulikuwa unakunywa chai ama kitu ingine?"

"Chai, Otieno. Hii hii unayojimiminia kikombe cha tatu."

"Hapana, mimi ni mtu wa kuuliza tu. Umepeana Hemedi. Ukapeana na zamu. Ukaletewa babu!"

Shomari, mzee wa Tanga mwenye duka la nguo, alijaribu kusaidia. "Mwacheni mama wa watu. Timu bila kipa ni nyumba bila mlango."

"Mlango gani, bwana? Huyo akiinama kuokota mpira lazima ashikwe mkono!"

Watu walicheka. Katembo mwenyewe alikuwa anafunga kamba za viatu karibu hapo. Hakuinua kichwa. "Ni kweli, miye ni muzee," akasema. "Mais lakini mupira nayo ni ya zamani, na munaipenda."

Hapo hata Otieno alicheka. Lakini hakubadilisha mawazo.

Jioni ile nilimwuliza Saumu ni nani aliyempa habari za Katembo.

"Wewe."

"Mimi? Mimi sijawahi kumsifu."

"Hujawahi kumsifu mtu yeyote, mume wangu. Lakini katika makipa wote wa ligi hii, unamlalamikia mmoja tu."

Ilikuwa kweli. Makipa wengi husimama kwenye mstari wao, na kipara wanachoacha ni kidogo, mfano wa mkeka mbele ya mlango. Balsall Heath walikodi kiwanja changu kwa mechi zao za nyumbani, na Katembo alikuwa akinimalizia nyasi mpaka kwenye nukta ya penalti, na kushoto na kulia pia. Kila mwaka napanda, kila mwaka anafyeka. Nililalamika juu yake mezani kwa chakula, na nilidhani Saumu anafikiria mambo yake.

"Mtu anayemaliza nyasi mpaka huko hakai golini," akasema. "Anatembea na mabeki wake. Anaongea nao. Wanangu wale wana mbio, Kassim. Hawana wa kuongea nao."

Niliingiwa na hofu. Nikamkumbusha kwamba mtunza kiwanja hana timu.

"Sikukuomba uwe na timu," akasema, akinisogezea bakuli la mchuzi. "Nilikusikiliza tu."

Msimu ulianza vibaya. Hemedi alifunga huko alikokwenda, na kila alipofunga Otieno alituma sauti kwenye kundi la WhatsApp: "Amefunga tena, jameni. Nawajulisha tu." Katembo kwa upande wake aliongea bila kukoma. Alimpanga beki wa kushoto, akamtuliza wa kulia, akawasimulia vichekesho mpira ukiwa mbali. Lozells waliacha kufungwa mengi, lakini hawakuwa na wa kufunga. Sare, sare, kichapo, sare. Wakashuka mpaka karibu na mkia.

Jumapili moja ya baridi kali mabishano yalipamba moto kiasi kwamba mchezo ulikuwa unaendelea na hakuna aliyeutazama. Otieno alisema Mwenyekiti ameiua timu. Shomari alisema timu inajifunza kusimama. Mwingine akasema kusimama wanasimama, tatizo wamesimama mkiani. Saumu aliweka birika chini.

"Sikilizeni. Timu ikishuka daraja, kiti hiki kichukueni. Sitasubiri kuambiwa."

Akarudisha kifuniko cha birika. Hakuwa mtu wa kusema neno kisha akalirudisha.

Mchezo wa mwisho ukawa Lozells na Balsall Heath, kwenye kiwanja changu. Lozells walihitaji sare tu wabaki. Mvua ilinyesha Ijumaa na Jumamosi bila kupumzika. Kanuni ya ligi ilikuwa hivi: kiwanja kikifungwa siku ya mwisho, hakuna wiki nyingine ya kurudia, kwa hiyo timu zinagawana pointi kama sare. Na wa kufunga kiwanja nilikuwa mimi peke yangu.

Nilifika mapema. Saumu alikuja nami kupanga meza yake. Mbele ya goli la upande wa barabara maji yalikuwa yametuama. Kuna namna ya kupima: unakandamiza kisigino kwa uzito wako wote, maji yanapanda kuzunguka kiatu, kisha unainua mguu na kutazama. Yakibaki juu, funga kiwanja. Yakishuka, udongo bado unakunywa.

Nilikandamiza, nikainua. Yakakaa kidogo. Kisha yakaanza kushuka, polepole sana, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Msimamizi yeyote angekuja wakati ule, ningesema nimefunga, asingebisha. Niligeuka kumtazama mke wangu kule mezani. Alikuwa amesimama na vikombe mkononi, ananitazama pia. Alijua kanuni kuliko mimi.

"Usinitazame mimi," akasema. "Tazama maji."

Nikatazama maji. Yalikuwa yameshuka.

Nilichukua uma, nikatoboa eneo lile lote mpaka mgongo ukakataa, nikafagia maji yaliyobaki, nikamwaga mchanga. Kisha nikaenda kumwambia mwamuzi kwamba kiwanja kiko wazi.

Walicheza vizuri, wote. Katembo alikuwa amelowa tope mpaka masikioni na bado anaongea. Karibu na mwisho Hemedi alipita upande wa kulia kama upepo, akampita beki, akapiga chini. Katembo aliufikia mpira kwa vidole, lakini haukutosha. Bao moja, na ndilo lililomaliza. Hemedi hakushangilia. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya chai akasimama mbele ya Saumu, ameinamisha kichwa.

"Umefunga vizuri," Saumu akamwambia. "Sasa vaa koti lako."

Njiani kurudi nyumbani tulikaa ghorofa ya juu ya basi, viatu vyangu vikichuruzika. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ungekifunga, ningejua."

"Najua."

"Basi."

Akaegemeza kichwa begani kwangu, na tope langu lote lile.

Wiki iliyofuata Otieno mwenyewe, pamoja na Shomari, walikuja nyumbani kumwomba asiondoke. Otieno alisema mabishano ni mabishano tu, Mama, kwani ulidhani tunakuchukia? Saumu aliwapikia, akawashukuru, akakataa. Neno lilikuwa neno. Tangu hapo alisimama kando ya mstari kama shabiki, na niseme ukweli, alibishana kwa sauti kuliko wote. Katembo alibaki na timu kule chini. Goti lilipomshinda, akageuka mwalimu wa makipa.

Saumu alifariki kabla sijastaafu. Moyo wake ulichoka. Waliobeba jeneza ni vijana wake, wa Lozells na wa Balsall Heath, na Hemedi alikuwa mbele kabisa. Katembo, ambaye ni Mkristo, alisimama nyuma ya safu na kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Walinipa kadi na keki. Yule Msimamizi wa Nakuru, ambaye alikuwa amestaafu zamani, alikuja kwa fimbo yake kunipa mkono. Aliniuliza kama niliwahi kuwa na timu. Nikamjibu kwamba kiwanjani, sikuwahi. Akacheka, akasema jibu hilo linamtosha.

Mnaoanza kazi hii sina mengi ya kuwafundisha. Mashine zenu ni nzuri kuliko zetu. Nitawaambia tu kwamba uwanja unaandika kila kitu, nani alisimama na nani alitembea, na ni vizuri kuwa na mtu nyumbani wa kumsomea.

Mabishano ya mgao ule hayajaisha. Otieno bado anasema tulimtoa Hemedi bure. Shomari bado anasema nyumba na mlango. Mimi nikiulizwa, hujibu kwamba mtunza kiwanja hana timu.

Juzi nilipita kiwanjani. Mama aliyechukua nafasi yangu alikuwa amepiga magoti langoni na ndoo ya mbegu, amekasirika. Akaniambia makipa wa siku hizi wanamtia wazimu. Wanamalizia nyasi mpaka kwenye nukta ya penalti. Akipanda, hazifiki mbali, kipara tena. Nikamwuliza kama ni lango hili tu. Akasema yote mawili, na ni vijana watatu tofauti, wote wana tabia hiyo hiyo, hajui wameitoa wapi.

Nilimsaidia kutawanya mbegu. Sikumwambia wameitoa wapi.

Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikainjika maji ya chai, nikaanza kulalamika kwa sauti kama zamani. Makipa wale, nyasi zile, mbegu zote zile. Nililalamika mpaka maji yakachemka.