Gari Lililokataa Chaji Bangwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta. Nilikuwa kijana bado, nimeajiriwa serikalini, naishi Bangwe, na nilikuwa nimenunua kigari kidogo cha umeme. Watu wa Ujiji walikiita jokofu kwa umbo lake. Walicheka, lakini hakuna mwingine aliyekuwa nacho, nami niliringa, nisikufiche.

Wiki ya pili kikaanza visa. Nikikichomeka nyumbani, taa ya chaja inawaka kijani, kisha baada ya dakika chache inakuwa nyekundu na chaji inakatika. Nikabadilisha soketi, ikawa vilevile. Nikaunga waya wa ekstensheni kutoka sebuleni. Ukapata moto mpaka plastiki ikanuka.

Mke wangu, Zaituni, akamleta Nestori. Alikuwa mkimbizi wa Burundi, fundi umeme tangu kwao, aliyetoka kambini kwa kibali cha siku chache kutafuta vibarua. Akaigusa soketi kwa mgongo wa mkono, akatoka nje, akachutama chini ya ukuta, palipozikwa fimbo ya shaba ya kushusha umeme ardhini.

"Bosi, gari ni zima," akasema taratibu. "Huu waya unaoshuka ardhini umelegea. Chaja inaona hatari, inajizima yenyewe. Kesho asubuhi nitaleta kibano niukaze. Lakini hiyo ekstensheni uiache kabisa. Utaunguza nyumba."

Nikaitikia tu. Moyoni nilijiuliza, huyu wa kulala kwenye hema ataniambia nini mimi? Alipoondoka nikachomeka ekstensheni ileile, na kila chaja ilipojizima nikaiwasha tena. Haikupita saa moja, soketi ikalipuka, chaja ikatoa moshi, pazia likashika moto. Zaituni alilizima kwa ndoo ya maji ya kufulia.

Majirani wakajaa. Wakauliza kulikoni. Hapo ndipo nilipofanya jambo lenyewe, mwanangu. Nilisema, "Ni yule mkimbizi. Alichokonoa nyaya zangu."

Asubuhi Nestori akaja kama alivyoahidi, kibano mkononi. Akamkuta mwenyekiti wa mtaa na mgambo wawili wanamsubiri. Wakadai kibali. Kilikuwa kimeisha jana yake.

"Nilikuwa niondoke jana," akawaambia. "Nimebaki kwa ajili ya gari la bosi." Akanitazama, akingoja niseme neno moja. Nikatazama chini. Wakamchukua. Kibano alikiacha juu ya ukuta wa baraza, hakukitupa.

Fundi mwingine, wa hapahapa mjini, alipokuja akaenda moja kwa moja kwenye ile fimbo ya shaba. "Waya umelegea," akasema. "Hukuambiwa?"

Zaituni alikuwa mlangoni. "Aliambiwa," akajibu, akaingia ndani.

Nilikwenda kambini kumtafuta mara tatu. Mara ya tatu mwanamke mmoja aliyekuwa jirani yake akaniambia Nestori na wanawe wamepanda mabasi ya kurudi Burundi. Alikuwa akisema hataki kurudi, lakini baada ya kukamatwa mjini alikwenda mwenyewe kujiandikisha kurudi. Huko alikofika hakuna aliyejua. Mpaka leo sijui kama yuko hai.

Waya ulikazwa, nikanunua chaja nyingine, na gari likachaji vizuri miaka mingi. Zaituni hakulipanda tena. Kwenda sokoni alitembea kwa miguu, jua au mvua.

Basi, mwanangu, nakuusia. Chaja ikijizima, usiilazimishe. Ita anayejua, na akikuambia, fuata hata kama anatoka hemani. Ukikosea, sema umekosea siku ileile, mbele ya walewale, wakati mtu bado yuko mbele yako na neno lako linaweza kumwokoa. Mimi nilikuwa na neno hilo, nikalimeza, na halijashuka hadi leo.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Akulinde wewe na nyumba yako, na usizeeke na jina la mtu uliyemnyamazia.