Karafuu Tatu Chini ya Ulimi

Mimi nina ugonjwa wa kucheka, na sisemi kucheka kwa furaha. Nikiogopa, nacheka. Nikitahayari, nacheka. Siku babu yangu alipozikwa kijijini kwetu Ole, Pemba, nilikuwa na miaka tisa. Nilipoona jeneza linatolewa mlangoni, kicheko kikanipasuka, shangazi akanizaba kofi, nami nikazidi. Nilimpenda babu yule kuliko mtu yeyote, lakini nani angeniamini? Kijiji kizima kilisema mtoto huyu hana moyo.

Aibu hiyo niliibeba mpaka nilipokwenda kusomea ualimu nikakutana na darasa la saikolojia. Mwalimu wetu, bwana mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuadhini, alitueleza kwamba wataalamu hawaelewani hata juu ya jambo la kawaida kama kulia. Wako wanaosema mwili ndio unaotangulia: hulii kwa sababu una huzuni, unaona huzuni kwa sababu unalia. Kunja uso, na moyo utakunjika. Wengine wanasema la, mwili unadunda tu, akili ndiyo inayotazama huku na huku kisha ikaupa ule mdundo jina: hii hofu, hii hasira, haya mapenzi. Na wako wanaosema kila jamii huwafundisha watoto wake uso gani uvaliwe wapi. Yakhe, nilitamani kupanda juu ya dawati! Kumbe moyo nilikuwa nao. Siku ile ya maziko niliogopa, basi, na hofu ikatokea mlango usio wake.

Mwisho wa juma nikamkimbilia mama jikoni kumweleza. Alikuwa akikuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, nimefahamu. Sasa iambie hiyo hofu yako itafute mlango mwengine kabla hujaolewa."

Alikuwa na sababu. Nilikuwa nimeposwa na mwalimu mmoja wa Konde, kijana aliyefiwa na mama yake angali mtoto akalelewa na bibi yake, na ilijulikana kwamba tukioana tutakaa kwa bibi huyo. Watu wa bibi walikuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu hapo zamani. Mashamba yamekwenda, uso wa mwenye mashamba umebaki. Ilisemwa kwamba hapana aliyewahi kumuona akicheka. Siku alipokuja kunitazama nilimpelekea chai. Akaniinulia macho. Weee! Kicheko kikanitoka mbele yake, na nusu ya chai ikaingia kwenye kisahani.

"Ananicheka miye?" aliuliza, wala hakumuuliza mtu.

Mama aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Bibi aliinuka, akajitanda buibui lake, akasema maneno ambayo niliyalalia na kuyaamkia miezi mitatu: "Harusini n'takuwapo. Akinicheka tena, mjukuu wangu na amtafutie nyumba nyengine."

Mchumba wangu alisema yasiwe makubwa, tutakodi vyumba viwili. Lakini alisema huku anatazama viatu vyake. Bibi yule ndiye mama na baba yake. Sikutaka anioe mimi kwa kumpoteza yeye, na jambo hilo lote lilikuwa juu ya kicheko changu.

Sasa, kwetu bibi harusi hacheki. Siku anayoonyeshwa kwa wanawake hukaa kitini amepambwa, macho chini, uso umemtulia kama wa mfiwa, nao wanacheza mbele yake na kumtania makusudi. Akitabasamu tu, keshasemwa kuwa alikuwa na haraka ya mume. Kungwi wangu, mama mnene mwenye mzaha aliyenifunda siku saba, nilipomweleza ugonjwa wangu hata hakushtuka.

"Dawa yake karafuu," akasema. "Punje moja kavu, chini ya ulimi. Kicheko kikipanda, ing'ate."

Mimi, msomi, nikajiambia kama moja inatosha basi tatu ndizo za uhakika. Huo ndio wazimu wetu Wapemba. Hatuamini kwamba lipo jambo karafuu isiloliweza.

Siku ikafika. Nikakaa kitini, punje tatu mdomoni, nikaukunja uso kama nilivyofundishwa darasani nikingojea moyo ufuate. Wapi! Moyo ulikuwa unacheza ngoma ya msewe peke yake. Mara bibi wa Konde akaingia, wanawake wakampisha, akaja kukaa mkabala nami. Hofu ikapanda, na kicheko nyuma yake. Nikang'ata. Zote tatu kwa pamoja.

Subhanallah! Ulimi uliwaka moto, ukafa ganzi, machozi yakamwagika, wanja ukashuka mpaka kidevuni. Mama akashika kifua: mwanangu analia! Shangazi, yule yule wa kofi, akapokea kilio. Kungwi naye akafuata, na yeye ndiye aliyejua siri. Haukupita muda chumba kizima kilikuwa kinapangusa pua kwa kanga, vigelegele na kwikwi pamoja. "Mashaallah," nikasikia nyuma yangu, "huyu kafundwa akafundika." Na mimi, kwa machozi yote yale, nikausikiliza moyo wangu nione kama umehuzunika. Ulikuwa na furaha vile vile. Naolewa na nimpendaye, nitahuzunikia nini?

Bibi akainuka kunitunza. Aliniinamia, akanifunika kanga mpya mabegani, kisha akasita, akavuta pumzi. Mtu aliyekulia kwenye majamvi ya kuanikia karafuu humdanganyi kwa harufu.

"Ngapi?" akaninong'oneza.

Ulimi haukuwa wangu tena. Nikamtolea vidole vitatu chini ya kanga.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Aliniangukia shingoni, akajifunika uso kwa mtandio, akatikisika mpaka kiti kikalia. "Maskini bibi, uchungu wa mjukuu," wakasema watu, wakamshika mikono, wakamletea maji. Chumba kizima cha wanawake wenye macho yao, na hapana aliyejua kwamba bibi alikuwa anacheka, ila mimi.

Nilihamia Konde wiki ile ile. Asubuhi ya kwanza nilimkuta ukumbini, nikamwamkia, shikamoo bibi, akaniitikia marahaba mwanangu. Uso wake ulikuwa ule ule wa zamani. Nikaanza kuogopa upya. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kikopo kidogo cha bati, akakifungua mbele yangu. Karafuu.

"Watu wanadhani n'natia kwa kunukiza kinywa," akasema. "Mama yangu ndiye aliyenipa ya kwanza. Miye hucheka nikiogopa, tangu mtoto. Nilicheka mazikoni kwa baba yangu."

Miaka yote nilidhani niko peke yangu duniani.

"Siku ile nilipokuletea chai," nikamuuliza, "ulikuwa nayo mdomoni?"

"Mbili."

"Bibi, ulikuwa unaogopa nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama mvua ni maji. "Si weye! Msomi, kijana, mjukuu wangu kila akija anakutaja. Nilisema huyu atanichukulia mtoto wangu, n'taachwa peke yangu na kuta hizi. Kisha weye ukanicheka usoni."

"Sikukucheka, bibi. Nilikuogopa."

Tukatazamana. Sijui nani alianza. Nilichoona ni bibi amejishika ubavu, kikopo kimemponyoka, karafuu zimetapakaa sakafuni, na mume wangu amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, anatukodolea macho. Alikuwa hajawahi kumuona bibi yake akicheka.

"Kuna nini?" akauliza, amepauka. "Mnalia?"

Tukazidi kucheka. Karafuu tulizizoa baadaye, tukazitia kwenye pilau.