Karatasi Chini ya Jalada

Kwa miaka ishirini na sita fundi alijalidi tasnifu za chuo kikuu, na karatasi zilizoharibika aliziweka kwenye droo ili azitumie kufutia gundi. Ndiyo maana mswada mpya wa Profesa ulimshtua. Ukurasa wake wa kwanza alikuwa nao drooni, neno kwa neno, chini ya jina la mwanafunzi aliyekutwa amekufa kwenye ngazi za maktaba mwaka jana.

Profesa alipopita kuulizia kazi, fundi, kwa moyo wake mweupe, akamwonyesha karatasi ile ya drooni.

“Nadhani zimechanganyika, Profesa.”

Profesa akatabasamu. “Mzee wangu, una macho kuliko watahini wenzangu. Binti yako anatetea tasnifu lini?”

“Jumatatu.”

“Mbele ya nani?”

“Mbele yako.”

“Basi malizia kazi. Na hiyo usiitupe, gundi si ipo?”

Fundi akaipaka gundi karatasi ile, akaibandika ndani ya jalada jekundu la mswada, jina la marehemu likielekea kwenye kadibodi. Akakaza mashine ya kubana. Profesa alivuta kiti, akangoja gundi ikauke, huku akiuliza binti angependa zawadi gani.