Somoe Asiyetaka Matanga

Somoe wa kisiwa cha Jibondo alikataa katakata kumwekea mwanawe matanga. Miaka minne Muhidini hakupiga simu, na watu wakamshauri mama wa watu asome khitma, moyo upoe. Aliwajibu kwa ukali, "Mmemzika wapi?" Kisha akashuka pwani kufunga mwani wake, na hakuna aliyethubutu kumfuata na neno hilo tena.

Muhidini alikwenda Msumbiji, jimbo la Kabo Delgado, kuchimba rubi. Ajabu ya nchi ile! Ardhini mawe mekundu, baharini gesi, na wenyeji wanalala njaa. Wenye vibali walipozungusha uzio, wachimbaji wadogo wakafurushwa kwa virungu, na waasi waliokuwa wakitafuta watu wa kuwapa bunduki wakawakuta vijana wamekwishaiva kwa hasira. Vita ikawaka, na mali ile ikawa ya kugombewa na kila mwenye silaha. Utajiri gani huo, jamani, wa kumfanya mtu atamani angezaliwa juu ya mchanga mtupu?

Juzi akarudi Sadick, aliyekuwa akichimba shimo moja na Muhidini. Mguu mmoja anauburuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

Sadick alilia kwanza. Kisha akaeleza kwamba walikuwa wakikimbia mapigano, wakakutana na askari wa serikali njiani. Yeye alinyoosha mikono juu, kimya. Muhidini akasogea mbele, akasema kwa sauti, "Asalamu aleikum, ndugu zangu." Na waasi wa kule wamo wasemao Kiswahili, wenye salamu hiyo hiyo. Askari hawakungoja neno la pili.

"Nilimvuta shati, mama. Akaniambia niache, mama kaniusia: ukikutana na wenye silaha tanguliza salamu, hawatakudhuru."

Ni kweli. Somoe aliyasema mwenyewe gatini Kilindoni, siku ya kuagana, amemshika mwanawe kichwa, akijiona amempa kinga kuliko hirizi. Sasa alitamani ulimi wake ungekatika siku ile.

Alasiri hiyo matanga yakawekwa. Majirani walikuja mmoja mmoja, na kila aliyefika mlangoni alitoa salamu kama ilivyo ada. Somoe akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Msinitolee salamu!" alipiga kelele. "Ingieni kimya, kama Sadick mbele ya wale askari."